Nilivyompeleka Yesu Masasi Nikarudi Naye

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake. Wengine bombani tukisubiri maji, wengine tukitoka kanisani, na mke wa mjumbe wetu wa nyumba kumi aliniuliza juu ya ukuta wa choo, nikiwa na kopo mkononi: mbona ulikwenda naye na umerudi naye? Mna haki ya kuuliza. Mlinichangia nauli, mlimwona Simoni akimchonga Yesu huyu tangu alipokuwa gogo, na siku ya kuondoka mlinisindikiza hadi barabarani mkiimba. Mimi si msemaji, na nikisimulia kwa mdomo nafika mahali sauti inakatika. Kwa hiyo naandika. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini barua naiweza. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Manzese

Kwa waliohamia karibuni nianze na Perpetua, mke wangu. Tumbo lilimvimba, akakonda sehemu nyingine zote. Hospitali walimpa dawa, halafu wakampa nyingine, halafu wakaniambia nimpeleke kwa watu wake. Kwetu sisi wa kusini mwanamke ni wa ukoo wa mama yake. Akizidiwa anarudi kwa mama yake, auguzwe huko, na mambo yakiharibika azikwe huko. Nilimpandisha kwenye lori akiwa na mdogo wake, mimi nikabaki nimalize madawati ya shule niliyokuwa nimeanza, nimfuate. Mvua zikanyesha mapema. Barabara ya kusini ikafungwa, na habari ilinifikia mdomoni mwa dereva aliyezunguka njia ndefu, Perpetua akiwa amekwisha kuzikwa.

Salamu alizoleta zilitoka kwa Mjomba Rafaeli, kaka wa mama mkwe wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo ule. Alisema Perpetua alikula uji jioni, akazungumza na watu, akalala. Asubuhi hakuamka. Hakuumia hata kidogo.

Lazima mjue maneno hayo yalinifanyia nini. Tangu alipoondoka nilikuwa naomba jambo moja tu. Sikuomba apone, maana nilimwona alivyopanda lile lori. Niliomba asiumie. Niliposikia salamu za mjomba nilipiga magoti kwenye maranda ya karakana nikasema, basi Wewe ni mwema, umenisikia. Nilishikilia hapo mwaka mzima. Lakini kanisani nilihama kiti. Yule Kristo mkubwa aliye juu ya altare, mwenye mbavu za kuhesabika na miiba, sikuweza tena kumtazama, nikawa nakaa nyuma ya nguzo. Nilijiambia kwamba Mungu wangu si yule. Wangu ni yule aliyempitishia Perpetua mkono usoni akalala.

Mwaka ukitimia, kwao husimikwa msalaba kaburini, na mkwe ndiye anayeuleta. Mimi ni seremala. Niliutengeneza kwa mninga, vipande viwili vya kuunganisha huko huko. Yesu wa kutundikwa nikamwagiza kwa Simoni, jirani yetu mchongaji, kwa mpingo. Wengi wenu mlikuwapo.

"Misumari niiweke vipi, fundi?" Simoni aliuliza.

"Usiiweke."

"Mbavu je?"

"Zifunike. Awe mtu aliyeshiba. Na macho yawe wazi, acheke kidogo."

Simoni aliweka tezo chini. "Huyo si wa msalabani, huyo ni shemeji yako anakuja harusini." Watu wakacheka. "Haya. Mie nachonga kinachoagizwa. Mzungu akitaka shetani namchongea shetani. Wewe umetaka Mungu aliyetoka kula, utampata."

Nilimpata. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kwapani hadi vidoleni, na viganja vyake ni laini kama vya mtoto. Kumshika msalabani nilitoboa mti kwa nyuma nikapitisha skrubu tatu, mbili mikononi na moja miguuni, zikaingia mgongoni mwa viungo vyake. Ukimtazama kwa mbele huoni kinachomshika. Nilijivunia kazi ile kuliko dawati au mlango wowote niliowahi kutengeneza.

Kutoka Temeke mpaka mtoni

Lori lilikuwa la mabati na sabuni, likaondoka Temeke likiwa limechelewa, likapasua tairi kabla hatujaiacha Mbagala. Dereva aliitwa Shabani, mtu wa Kilwa, mnene, mwenye kucheka na kukohoa kwa pamoja. Msalaba tuliufunga juu ya mabati. Yesu nilikuwa nimemfunga kwenye khanga ya Perpetua, na nilitaka kukaa naye mbele. Shabani alikataa.

"Si kwa ubaya, kaka. Sie hatumchongi. Huyo akae nyuma na sabuni. Mie na ninayemwomba tuna mapatano yetu, nisije nikamkasirisha."

Nilimwuliza mapatano gani. Alinieleza wazi, mkono mmoja kwenye usukani. Barabarani hasali, kwa sababu barabara ni mbaya na Mwenyezi Mungu anaiona. Mwezi wa kufunga anakula, kwa kuwa dereva mwenye njaa ataua watu, na kuua watu ni dhambi kubwa kuliko kula. Akifika mto mkubwa anazilipa sala zote kwa mpigo. Akirudi nyumbani salama anampa mama yake kilo ya sukari, akiipata, na hesabu inafungwa.

"Na yeye amekubali?" niliuliza.

"Mbona sijapinduka?"

Moyoni nilimcheka. Nilimwona ni mtu aliyemkata Mungu kwa kipimo cha lori lake. Niliyawaza hayo nikiwa nimekaa juu ya sabuni, nimeomba nipande nyuma, nimempakata mapajani yule niliyemwagiza mwenyewe.

Kibiti tulikunywa chai kavu isiyo na sukari na mihogo ya kuchemsha. Sukari ilikuwa imeadimika hata huko. Mwenye hoteli alitupa kijiko cha kukorogea hata hivyo, kila mtu na chake, tukakoroga.

Kivukoni tulipokwama

Rufiji ilikuwa imejaa. Kivuko kilikuwa kimefungwa ng'ambo ya pili, na maji ya rangi ya udongo yalipita yakibeba miti mizima. Malori yalijipanga kurudi nyuma hadi kwenye kona, watu wametandika mikeka chini yake. Tulikaa hapo siku nyingi kiasi cha kujuana majina na kugombana.

Aliyetulisha ni Bi Mwajuma, mama wa pale pale, aliyepika wali na kambale chini ya turubai. Siku ya kwanza alinipakulia sahani iliyojaa, nilipotoa pesa akaukunja mkono wangu. "Wewe kula tu, baba." Jioni vivyo hivyo. Nilidhani ni ukarimu wa watu wa mtoni. Niliona pia wanaume wakinisogezea kigoda kivulini, na nikipita wanashusha sauti. Kuna mzee mmoja aliniuliza, kwa heshima sana, kama nilikumbuka kumtia chumvi, maana joto hili na njia bado ni ndefu.

Ndipo nilipotazama mapajani kwangu nikaelewa. Khanga ya kike, kitu kirefu kama mtoto wa mwaka, na mimi simwachi hata nikienda kuoga. Walidhani nimebeba maiti ya mtoto wangu.

Niliona aibu kubwa, nikafungua khanga hapo hapo mbele ya wote. Halafu mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, hata mzee wa chumvi. Bi Mwajuma peke yake hakucheka. Alisogea, akamtazama kwa karibu akiwa na mwiko mkononi.

"Ndiye huyu wenu aliyetundikwa?"

"Ndiye."

"Si nasikia aliuawa vibaya? Mbona hana hata kovu?"

Nilimwambia nilitaka awe hivyo. Alinitazama kama anayesubiri niendelee.

"Mie wangu alichukuliwa na mto huu huu," alisema. "Siku tuliyompata, nilitamani nioneshwe akiwa mzima. Hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuagiza." Halafu akanyoosha mkono. "Haya, kambale wangu ulipe. Wa jana na wa leo."

Nililipa. Sikumkasirikia, ila nilimfunga yule tena haraka, na tangu hapo nilimwacha juu ya lori.

Kuna asubuhi mwalimu mmoja wa kwetu Masasi aliyekuwa anarudi kazini aliwakusanya Wakristo tuombe maji yashuke. Tuliimba, tukapiga magoti kwenye tope. Bi Mwajuma alikuwa anapepeta mchele, akatungoja hadi amina.

"Nyie mnaomba yashuke," alisema, "na ndugu zangu kule bondeni wanaomba yabaki, mpunga unakunywa. Na mie hapa katikati naomba yabaki kidogo, mkivuka wote nani atanunua wali? Sasa amsikilize nani?"

"Atamsikiliza dereva," alisema Shabani akiwa chini ya lori. "Dereva ndiye mwenye sala nyingi za kulipa."

Tulicheka sana, hata mwalimu. Mimi nilicheka pamoja nao. Baadaye, maji yaliposhuka na kivuko kikaja, kila mtu alikuwa na uhakika ni nani aliyesikilizwa. Shabani alisali akiwa amesimama kando ya gurudumu, sala baada ya sala, kwa haraka, midomo ikicheza, na alipomaliza alipandisha lori kwenye kivuko bila hata kuikunja miguu ya suruali iliyojaa tope. Upande wa pili nilitazama nyuma. Bi Mwajuma alikuwa anazima moto.

Njia ya Lindi

Sina mengi ya kusema juu ya njia ile, isipokuwa kwamba inachosha mgongo na moyo. Mahali pengine tulishuka tukasukuma, mahali pengine tulishuka tukakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Tulikula korosho za kuchoma mpaka midomo ikawa na vidonda.

Baada ya Lindi tulimchukua ndugu mmoja wa chama aliyekuwa anakwenda kuhimiza vijiji vipya. Alikuwa kijana mstaarabu, amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine. Lori lilipoyumba khanga ikafunguka, akamwona Yesu. Aliomba kumshika. Alimgeuza huku na huku akasema sanaa hii ni ya kimapinduzi. Yule wa wakoloni alikuwa mnyonge, uchi, amenyonywa hadi mbavu, wakulima wapige magoti waone unyonge ni mtakatifu. Huyu ameshiba. Huyu ni mkulima baada ya mavuno ya pamoja. Alitaka kujua kama mchongaji anaweza kumtengenezea mwingine wa kuweka ofisini, ila amshikishe jembe.

Nilifurahi aliposema vile. Nasema ukweli. Nilikuwa sijasifiwa na mtu tangu Manzese, na maneno ya Bi Mwajuma yalikuwa bado yananichoma. Nilimpa jina la Simoni na njia ya kufika. Alishuka njia panda akapungia mkono, akimpungia Yesu pia.

Kijiji kipya

Shabani aliniacha Masasi. Kutoka hapo nilitembea, msalaba begani na Yesu mgongoni, njia ninayoijua tangu nilipokuwa nachumbia. Nilipofika penye mkorosho wa mama mkwe sikukuta nyumba. Kuta zilikuwa zimeanguka ndani, mlango umeng'olewa na fremu yake, na maboga yalikuwa yameota sebuleni. Nilisimama pale na msalaba begani kama mtu aliyekosea dunia. Mpita njia ndiye aliyeniambia kwamba wote wamehamishiwa kijijini, barabarani.

Kijiji kipya kimepangwa kwa mistari. Nyumba zinatazamana kama watoto kwenye gwaride, hakuna mti, na kila mtu niliyemwuliza njia alianza kwa kunielekeza alikokuwa akikaa zamani. Mjomba Rafaeli alinipokea kwa machozi, akanipeleka kwake. Nilimwamkia mama mkwe kwa mbali, yeye akiwa ndani ya mlango na mimi nje, nimeinamisha macho, kama heshima ya mkwe inavyotaka kule. Aliitikia shikamoo yangu akauliza habari za njiani. Sauti ilikuwa ile ile, imekuwa nyembamba tu. Mjomba aliniambia jicho lake moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na la pili linafuata.

Walinipikia ugali wa muhogo na kisamvu, wakachinja kuku. Baada ya kula nilimfungua Yesu. Watu wa nyumba zile za mstari walikuja kumtazama, wakasifu. Mjomba alimtazama kwa muda kuliko wote. Alifungua mdomo, akafunga, akasema, "Fundi Simoni ana mkono mzuri," akatoka nje. Nilidhani amekumbuka marehemu.

Mahame

Makaburi hayakuhamishwa. Yako kule kule kwenye mahame, makao yaliyoachwa, na asubuhi tuliondoka kwa mstari kwenda huko, wanaume mbele na majembe, wanawake nyuma na vibuyu vya maji. Majani yalikuwa yamefunika njia kwa muda mfupi hivyo. Mahali palipokuwa na nyumba ya mtu, mwenye nyumba alisimama kidogo kisha akaendelea.

Niliunganisha msalaba pale kaburini, nikamfunga Yesu kwa skrubu zangu tatu, nikaulaza juu ya mkeka. Kwao, kabla ya kuusimika, wanawake wa ukoo wa mama huuosha msalaba kama anavyooshwa mtu, kuanzia kichwani kwenda chini, na kuufuta kwa nguo ya marehemu. Wanaume hukaa kando wamegeuka nusu. Mama mkwe ndiye aliyeosha. Alimwagiwa maji, akaosha kichwa, akaosha uso uliocheka, akaja mkono wa kuume. Hapo dole gumba lake likasimama.

Alipapasa kiganja. Akapapasa cha pili. Akashuka miguuni, akapanda ubavuni, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Wanawake waliokuwa wanaimba wakapunguza sauti mpaka ikaisha.

"Baba," aliniita bila kugeuka. "Misumari iko wapi?"

"Sikuiweka, mama."

"Kwa nini?"

Nilisema kile nilichokuwa nacho. Kwamba Perpetua hakuumia, na sikutaka juu yake akae anayeumia.

"Nani alikwambia hakuumia?"

Mjomba Rafaeli akakohoa. "Dada," alisema, "acha."

"Nimeuliza nani alimwambia."

"Mimi," alisema mjomba, akitazama jembe lake. "Alikuwa mbali, yuko peke yake. Mtu aliye mbali hapewi habari yote. Nilikuwa nasubiri aje."

Basi mama mkwe alinisimulia, mkono wake ukiwa bado juu ya ule mti, na wote wakisikia. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu siwezi kwa urefu. Perpetua aliumia kutoka siku alipofika hadi mwisho. Alilia mpaka majirani wawili wakahamia kwa ndugu zao kwa kushindwa kusikia. Alitafuna pindo la khanga likaisha, akapewa nyingine. Alimwambia Mungu maneno ambayo mama yake hakukubali kuyarudia pale kaburini. Katekista alipokuja kumwonya asiseme hivyo, alimfukuza. Halafu aliomba aletewe msalaba wake mdogo wa shaba, wa kipaimara, uliokuwa kwenye sanduku tangu usichana. Hakuubusu wala hakuusali. Aliukamata na kukandamiza dole gumba kwenye msumari wa mkono, siku nzima, mpaka dole likaingia shimo.

"Nilimwuliza, mwanangu, unafanya nini? Akaniambia, huyu anajua. Hakusema kingine juu ya Mungu tena. Tulimzika nao. Vidole vilikataa kufunguka."

Nilikuwa nimekaa chini.

Mama mkwe aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama usoni, kwa lile jicho lililobaki. Hakuwa na hasira.

"Huyu wako ni mzuri, baba. Mzuri kweli. Lakini hamjui mwanangu."

Hakuna aliyeniambia cha kufanya. Mjomba alikuwa tayari kusema tuusimike tu, umetoka mbali, niliona midomo yake ikijiandaa. Nilichukua bisibisi mfukoni, nikaupindua msalaba kifudifudi, nikaanza kufungua. Skrubu zile nilikuwa nimezikaza vizuri sana. Zilitoka kwa shida, ya mwisho ilinichubua kiganja. Nilimtoa, nikamweka kando kwenye majani, akiendelea kucheka akitazama mbingu.

Msalaba ulibaki mtupu na mashimo matatu, mawili mikononi mwake na moja chini. Nilitaka kutafuta kijiti cha kuyaziba, kama seremala yeyote angefanya. Mama mkwe alinizuia kwa mkono. Aliuosha upya, mti mtupu, kutoka juu. Alipofika kwenye shimo la mkono wa kuume aliweka dole gumba juu yake, akalikandamiza. Alikaa hivyo muda mrefu na wanawake wakaanza tena kuimba.

"Inatosha," alisema. Wakausimika.

Kurudi

Njia ya kurudi sikuiona. Shabani alinikuta Masasi akanipakia, alipoona nimembeba yule tena akanifungulia mlango wa mbele nikae naye kama nataka. Nilimwambia yule akae nyuma na magunia ya korosho. Mtoni maji yalikuwa yameshuka kabisa. Bi Mwajuma hakuwapo, turubai lilikuwa limeondolewa, nikaona jivu tu.

Nimefika, mkaanza kuuliza, na Simoni alikuwa wa kwanza. Nilipomweleza alisema hilo ni jambo dogo, nimlete, atamtoboa viganja na kumchimba mbavu, kazi ya asubuhi moja. Nilikataa. Alisema basi amwuze kwa wazungu, maana wanapenda wanaocheka. Hapo pia nilikataa, naye akaondoka akisema mimi ni mteja mgumu. Sikuweza kumweleza vizuri siku ile. Kovu lile nalo lingekuwa la kuagiza. Ningemwambia achimbe hapa, aache pale, na angekuwa bado ni wangu, wa kupima na kupenda mwenyewe.

Yuko chini ya meza yangu ya kazi, kwenye gunia, pamoja na vipande vya mninga vilivyobaki. Simtupi. Nilimpenda mwaka mzima.

Jumapili nimeacha nguzo, nakaa mbele, na mmeona mkadhani nimefarijika. Sijafarijika. Namtazama yule wa juu ya altare na namwogopa. Niliomba Perpetua asiumie, na yeye aliacha aumie mpaka majirani wakahama. Sijui nimwite mwema kwa namna gani, na sitaki tena kusema nisichokijua. Ninachojua ni kwamba siku zile zote mimi nilikuwa hapa Manzese, mvua imekata njia, napiga randa madawati. Yeye, yule wa misumari, alikuwa mkononi mwa Perpetua.